Chama cha Wakutubi wa Shule Huishi Baina ya Mikutano

   

Jioni hii nawaomba tumfikirie mtu anayeshika ufunguo wa maktaba ya shule. Mnamjua? Wengine humwita mkutubi, wengine humwita mwalimu wa maktaba. Katika shule chache ni mtu aliyeisomea kazi hiyo, pengine pale Bagamoyo, kwenye chuo chetu cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka. Katika shule nyingi ni mwalimu wa Kiswahili, wa Historia au wa Kiingereza, aliyekabidhiwa chumba, rafu mbili tatu na maboksi ya vitabu, akaambiwa, "Mwalimu, hapa ni kwako sasa," huku vipindi vyake vya darasani havikupunguzwa hata kimoja.

Swali langu la kwanza ni hili: mtu huyo akikwama, anamwuliza nani? Mwalimu wa Hisabati akikwama, yupo mwenzake meza ya pili. Mwalimu wa Fizikia, hata kama yuko peke yake shuleni, atakutana na wenzake kwenye usahihishaji wa mitihani. Je, mwenye ufunguo wa maktaba? Vitabu vimeletwa bila orodha, aanzie wapi kuviandikisha? Kitabu kimechanika kurasa za mwisho, kitengenezwe au kiondolewe? Watoto wa Kidato cha Kwanza ndio kwanza wameanza kusoma masomo kwa Kiingereza, wapewe kitabu gani wasikate tamaa? Wafadhili wameleta shehena ya vitabu ambavyo hakuna mtoto atakayevifungua, avikatae vipi bila kumwudhi mtu?

Maswali haya yana majibu, wasikilizaji. Mara nyingi majibu yako kwa mwenzake wa shule ya jirani, mwendo wa dakika chache kwa bodaboda, ambaye naye ana maswali yake na hana wa kumwuliza.

Ndiyo maana leo nazungumzia chama. Chama cha kitaaluma cha wakutubi wa shule: kwa nini kiwepo, na zaidi ya hapo, kiendeshwe vipi kisife. Maana kuanzisha chama si kazi kubwa. Mnakutana, mnachagua mwenyekiti, mnapiga picha. Kazi ni kukiendesha. Na kuna neno nitakalolirudia jioni hii hadi mlizoee: chama huishi kwa kazi inayofanyika baina ya mikutano. Mkutano ni siku moja tu. Je, siku zote zilizobaki, chama kinafanya nini?

Najua kuna msikilizaji anayeuliza: kwani hatuna chama cha wakutubi? Tunacho, tena chenye historia ya heshima. Tangu mwaka 1956 wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa na chama kimoja cha Afrika Mashariki. Tanganyika ilipopata uhuru haikuchelewa: sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Chama cha Wakutubi Tanzania kikaundwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa wakutubi wa nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika. Mikutano hiyo imeendelea, ikizunguka kutoka nchi hadi nchi.

Kwa hiyo hatuanzi na sifuri. Ninachosema ni kwamba mkutubi wa shule ana mambo yake, na mambo hayo yanahitaji watu wa kuyashughulikia. Mkutubi wa chuo kikuu anahangaika na majarida ya utafiti na mitandao ya kompyuta. Mkutubi wa shule anahangaika na darasa zima linaloingia kwa mkupuo kengele ikilia, na kitabu kimoja cha kiada kinachogombewa na madawati manne. Mkiwakalisha hawa wawili katika mkutano mmoja, mambo ya shule yatasubiri hadi mwisho wa ajenda. Na mwisho wa ajenda, mnajua, watu wanatazama saa.

Wenzetu wa nchi nyingine walilitatuaje jambo hili? Nitataja njia tatu, nanyi mzipime.

Njia ya kwanza ni ya Marekani. Kule chama kikuu cha wakutubi kilianzishwa mwaka 1876. Wakutubi wa shule walikuwa na sehemu yao humo ndani, na mwaka 1951 sehemu hiyo ikawa idara kamili yenye viongozi wake na shughuli zake. Hawakuhama chama kikuu. Walijipangia mambo yao wakiwa ndani yake.

Njia ya pili ni ya Uingereza. Huko chama cha maktaba za shule kilianzishwa mwaka 1937 kikiwa chama kinachojitegemea.

Njia ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1971 wajumbe wa vyama vya walimu kutoka nchi nyingi walikutana Kingston, Jamaika. Ni hapo, ndani ya mkutano wa walimu, ndipo ilipozaliwa jumuiya ya kimataifa ya ukutubi wa shule, na rais wake wa kwanza akawa Jean Lowrie, profesa wa ukutubi kutoka Marekani. Mnaona? Jumuiya ya wakutubi ilizaliwa mikononi mwa walimu, kwa sababu kazi ya mkutubi wa shule huonekana darasani. Mtoto akitoka maktaba, mwalimu ndiye anayejua kama kweli amesoma.

Sasa sisi tufuate njia ipi? Haya ni maoni yangu. Tusianze na ofisi kubwa Dodoma au Dar es Salaam. Tuanze na halmashauri moja: watu kumi, kumi na watano, kutoka shule ambazo mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wajitambulishe kwa chama cha wakutubi cha taifa, waombe kuwa tawi au kamati yake. Wajitambulishe pia kwa Afisa Elimu na kwa chama cha walimu cha mahali pao. Wakiona wanahitaji kusimama peke yao, wenye akaunti yao ya benki, basi wafuate Sheria ya Vyama, waandike katiba, waende kwa Msajili. Lakini mambo hayo yaamuliwe mapema, kabla shilingi ya kwanza haijachangwa. Chama kisichojulikana kisheria huishia kuweka fedha za watu mfukoni mwa mtu.

Tukiisha kukubaliana hapo, linakuja swali la uanachama. Nani aingie? Wapo watakaosema chama cha kitaaluma ni cha wenye vyeti vya ukutubi tu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kama mlango utakuwa wa wenye vyeti peke yao, basi shule nyingi zitabaki nje, pamoja na watoto wake. Mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo juzi ndiye anayekihitaji chama kuliko wote. Aingie, apige kura, ajifunze. Na yule mwenye cheti asiogope kwamba taaluma yake itashuka thamani. Itapanda, kwa sababu wenzake watakuwa wanajua sasa uzito wa kazi aliyoisomea. Aingie mwalimu wa shule ya msingi na wa sekondari, wa shule ya serikali, ya binafsi na ya seminari. Mtoto ni yule yule.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Nimesema chama huishi kwa kazi inayofanyika baina ya mikutano. Kazi gani hiyo? Nitatoa mifano mitatu, na yote haihitaji mfadhili.

Mfano wa kwanza: siku ya mafunzo kwa vitendo. Jumamosi moja kila muhula, wanachama wanakutana katika maktaba ya mwenzao. Hawaendi kusikiliza hotuba. Wanakunja mikono ya mashati. Wanafungua yale maboksi, wanagonga mhuri wa shule kwenye kila kitabu, wanakiandika kwenye rejesta: namba yake, tarehe kilipoingia, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, kilikotoka na bei yake. Kisha wanavipanga rafuni. Anayejua mpangilio wa Dewey anawaonyesha wenzake kwamba sayansi inaanzia 500, fasihi 800, historia na jiografia 900. Shule ambayo vitabu vyake bado vichache inaweza kuanza na vipande vya utepe wa rangi: kijani kwa sayansi, nyekundu kwa hadithi. Jioni ikifika, maktaba ya mwenyeji imepangika, na kila aliyekuja anaondoka na ujuzi alioufanyia kazi. Muhula ujao wanakwenda shule nyingine. Sasa niambieni, mwanachama wa chama kama hicho atauliza ada yake inakwenda wapi?

Mfano wa pili: boksi la vitabu linalozunguka. Tuseme shule sita zinakubaliana kila moja itoe vitabu ishirini vya hadithi. Kila muhula maboksi yanahama kwa zamu. Mtoto aliyemaliza hadithi zote za shule yake anapata nyingine bila mtu kununua hata kimoja. Kinachotakiwa ni orodha ndani ya boksi, tarehe ya kuhama, na sahihi ya anayekabidhi na anayepokea. Mambo hayo matatu, wasikilizaji: orodha, tarehe, sahihi. Likikosekana moja, boksi la tatu halitarudi na urafiki utaingia doa.

Mfano wa tatu: maswali na majibu. Siku hizi kila kundi lina WhatsApp yake, na kila WhatsApp ina salamu za asubuhi, picha za maua na matangazo ya biashara. Chama kiweke utaratibu: kundi hili ni la kazi. Mtu akiuliza swali, lisilale siku mbili bila jibu. Mwisho wa mwezi katibu akusanye maswali na majibu yake, ayaandike kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo umfikie hata yule mwenye simu ya tochi, kwa karatasi. Baada ya mwaka mmoja au miwili mtakuwa na kitabu kidogo cha mwongozo kilichoandikwa na wenyewe wanaofanya kazi. Mwalimu mpya akipewa ufunguo, anapewa na kitabu hicho.

Narudia: siku ya mafunzo kwa vitendo, boksi linalozunguka, na maswali yenye majibu. Hiyo ndiyo kazi baina ya mikutano.

Tuje kwenye fedha. Hapa ndipo vyama vingi vizuri vilipofia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na nani aliyezoea daftari kuliko mkutubi? Mtu anayeweza kukuambia kitabu namba fulani kipo kwa mwanafunzi gani tangu tarehe ngapi, hawezi kushindwa kukuambia elfu tano za ada ziko wapi. Basi ada iwe ndogo, ambayo mwalimu anaweza kuilipa bila kukopa. Ilipwe kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la chama, au kwenye akaunti ya benki inayotaka sahihi za watu zaidi ya mmoja. Isilipwe kwenye simu ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Hiyo ni kumlinda yeye mwenyewe, maana siku simu yake ikiibiwa au mtoto wake akiugua usiku, atajikuta kwenye majaribu asiyostahili. Kila anayelipa apate risiti. Kila muhula mapato na matumizi yasomwe kwa sauti mbele ya wanachama, na mwenye swali aulize bila kuonekana mchokozi.

Na posho je? Nisilikwepe hili. Kama kila kikao kitakula ada kwa nauli, chai na chakula cha mchana, kazi itafanywa kwa fedha gani? Kutaneni shuleni, chai itoke jikoni kwa shule mwenyeji, na fedha ya chama inunue mhuri, utepe, gundi na karatasi za kujaladia vitabu.

Baada ya fedha ni uongozi. Naomba viongozi wa chama wauone uongozi kama kitabu cha kuazima. Unakipokea kwa jina lako, unakitumia vizuri, na tarehe ya kukirudisha imeandikwa tangu siku ya kwanza. Katiba iseme wazi: miaka miwili au mitatu, na mtu asizidishe vipindi viwili. Kila katibu awe na msaidizi anayejifunza kazi, ili akihamishiwa mkoa mwingine, kama walimu wetu wanavyohamishwa, chama kisihame naye. Siku ya makabidhiano vikabidhiwe vitu vinavyohesabika: mihutasari, daftari la fedha, orodha ya wanachama, mhuri, na nywila za kundi na za barua pepe. Ni vyama vingapi vimekwama kwa sababu mwenyekiti wa zamani aliondoka na mhuri? Sipendi litokee kwa watu ambao kazi yao ni kutunza kumbukumbu.

Nimeliacha jambo moja kwa makusudi, kwa sababu nataka tulitafakari polepole. Ni sauti ya chama.

Mnajua kwa nini maktaba nyingi za shule zimefungwa kwa kufuli hata pale ambapo vitabu vipo? Wengi husema walimu ni wavivu. Si kweli. Sababu kubwa ni hofu. Mwalimu amekabidhiwa vitabu kwa maandishi. Kitabu kikipotea, yeye ataulizwa, na pengine atatakiwa kukilipa kutoka mshahara wake. Wewe ungefanya nini? Ungefunga kabati, ukaweka ufunguo mfukoni. Vitabu vikabaki vipya, salama, na watoto wakamaliza shule bila kuvigusa. Mwisho wa mwaka hesabu ya vitabu ni kamili, hakuna kilichopotea, na hakuna kilichosomwa.

Sasa mwalimu mmoja akienda ofisini kulalamika, ataonekana anatafuta njia ya kukwepa wajibu. Lakini chama kinaweza kukaa, kikaandika pendekezo la ukurasa mmoja: vitabu vinavyotumika huchakaa, na vichache hupotea, shule ikubali kiasi fulani cha upotevu wa kawaida kwa mwaka, kitabu kinachopotea kiandikwe kwenye daftari, kamati ya shule au bodi ijulishwe, mwalimu aulizwe pale tu palipo na uzembe au wizi. Chama kikalipeleka pendekezo hilo kwa wakuu wa shule na kwa Afisa Elimu, kikiwa na majina ya shule zote zinazoliunga mkono. Hapo malalamiko ya mtu mmoja yamekuwa hoja ya taaluma. Kisha mwakani maktaba ipimwe kwa idadi ya vitabu vilivyoazimwa, sambamba na vile vilivyomo rafuni.

Hoja ya namna hiyo ina mahali pa kuegemea. Mwaka 1999 UNESCO, pamoja na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, ilitoa tamko kuhusu maktaba ya shule. Tamko hilo linasema huduma ya maktaba itolewe kwa usawa kwa kila mtu katika jamii ya shule, na kwamba wakutubi na walimu wakifanya kazi pamoja, wanafunzi hufaulu vizuri zaidi. Chama kilichojipanga kinaweza kuliweka tamko hilo mezani na kusema: hili ndilo tunaloomba lifanyike hapa kwetu.

Lakini sauti hiyo itasikilizwa lini? Itasikilizwa pale chama kitakapokuwa kimeonyesha kazi. Afisa Elimu akiwaona wale wale waliopanga maktaba tano kwa mikono yao, wenye daftari la fedha lililo wazi, wanaobadilishana uongozi kwa amani, atawavutia kiti. Ndiyo maana nimesisitiza kazi kwanza. Heshima ya chama hutoka kwenye kazi yake, na kazi hiyo hufanyika baina ya mikutano.

Basi nihitimishe, maana muda wangu unakimbia. Wewe mwenye ufunguo wa maktaba, wiki hii tafuta wenzako wawili wa shule za jirani. Wapigie simu, watembelee. Waulize swali moja tu: nini kinakushinda? Andikeni majibu. Yakifanana, mmepata kazi ya kwanza ya chama chenu, hata kabla ya kuchagua mwenyekiti.

Wakuu wa shule, nanyi nawaomba. Mwalimu wa maktaba akija kuomba ruhusa ya Jumamosi na chumba cha kukutania na wenzake, mpeni. Mkiweza kumpunguzia vipindi viwili kwa wiki ili maktaba iwe wazi, mtakuwa mmewafaa watoto wote wa shule.

Na wazazi, kwenye mkutano ujao wa shule, baada ya kuuliza habari za michango na chakula, ulizeni na hili: mtoto wangu ameazima vitabu vingapi muhula huu? Mkiuliza wengi, mwenye ufunguo atajua kwamba kazi yake inathaminiwa, na mkuu wa shule atajua kwamba maktaba iliyofungwa inaonekana.